Wavu Uliomo Mwilini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa, Stratford, London)



Kamati imenitaka niseme juu ya maradhi ambayo wanaume wa ukoo wetu huyaonea haya, nayo ni ngiri. Mimi ni mmoja wao. Miaka 6 iliyopita nilipasuliwa kinenani nikawekewa wavu, na tangu hapo naumia kila nipandapo ngazi za stesheni yetu hapa Stratford. Mwaka jana nilikuwa tayari kuutoa. Jamaa wawili, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Maskati, wamenipigia simu wakitaka hayo hayo.

Wavu huo aghalabu hufumwa kwa nyuzi za polipropilini, na huzuia sana ngiri isirudi. Katika utafiti wa mashariki mwa Uganda uliochapishwa mwaka 2016, wanaume 302 walitibiwa, wengine kwa wavu wa kiwandani, wengine kwa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu. Hata hivyo, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 unakadiria kwamba watu 10 hadi 12 katika kila 100 waliopasuliwa ngiri ya kinena hubaki na maumivu ya muda mrefu.

Kwa nini basi usitolewe? Daktari alinieleza kwamba nyama humea ndani ya matundu yake, kama nyasi zimeavyo katika wavu wa samaki ulioachwa ufukweni. Hauchomolewi, hukatwa kidogo kidogo, kando ya mishipa ya fahamu, mrija wa manii na mishipa ya damu ya korodani. Mtu aweza kutokwa na damu nyingi, kupata ganzi ya kudumu, kupoteza korodani, au kurudiwa na ngiri. Wapo waliopata nafuu kubwa. Wapo ambao maumivu yamebaki pale pale.

Mimi nilianzia kwa madaktari wa maumivu, nikapigwa sindano za ganzi penye mshipa na kufundishwa mazoezi. Nimepata nafuu. Sijautoa, wala sijaapa kutoutoa. Lakini penye usaha au homa, msingoje: nendeni hospitali upesi.

Mwenye kukusudia kuutoa aombe kwanza kumbukumbu za upasuaji wake, ajue ni wavu gani na umewekwa wapi. Amuulize mpasuaji ametoa nyavu ngapi, na atafanyaje ngiri ikirudi.

Na ambao hamjapasuliwa, kisa changu kisiwatishe. Baba yetu mdogo, ambaye wengi mnamkumbuka, aliificha ngiri yake hata utumbo ukabanwa, tukamzika. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Waambieni wake zenu na wana wenu.

Nakomea hapo.