Mwalimu Anayeuliza "Umejuaje?"



Leo tuzungumze juu ya somo la sayansi katika shule za msingi. Wazazi wengine hulalamika: "Mwalimu gani huyu? Mtoto akiuliza, naye anauliza!" Tusimlaumu upesi.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Siku moja walitengeneza aiskrimu. Yeye alitia maziwa yake katika jokofu yakiwa bado moto. Mwenzake alitia ambayo hayakuchemshwa. Ya Mpemba yakaganda kwanza! Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dokta Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu. Wanafunzi wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, jambo likajaribiwa. Mwaka 1969 makala yao ilichapishwa. Mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo, lakini wanabishana kwa kupima, si kwa kelele.

Je, mwalimu afundishweje ili asizime swali kama lile? Afundishwe kwa kutenda. Katika semina walimu wenyewe wakae kama wanafunzi. Wapande maharage katika makopo mawili yenye udongo wenye unyevu. Moja likae kwenye mwanga, la pili lifunikwe kwa sanduku. Kila mmoja aseme anachotazamia. Wengine watasema: "Bila jua mbegu haioti." Baada ya siku kadhaa wafunue. Kumbe zote zimeota! Ila miche ya gizani ni mirefu, dhaifu, na rangi yake ni manjano.

Hapo kiongozi asikimbilie kutoa jibu. Aulize: Umeona nini? Umejuaje? Nani ameona tofauti? Kisha anyamaze kidogo, watu wafikiri. Aliyekosea asichekwe, aonyeshwe kopo. Mwisho ndipo aeleze: mbegu ina akiba ya chakula ndani yake, hivyo huota hata gizani. Mche ndio unaohitaji mwanga ili ujitengenezee chakula. Mwalimu aliyepita njia hiyo ataweza kuwaongoza watoto.

Nasi wazazi tumsaidie. Kuuliza si ujinga. Kesho mtoto huyo ataletewa dawa, mbegu na mbolea, pamoja na maneno matamu ya wauzaji. Akizoea kuuliza "umejuaje?" hatadanganywa kwa urahisi. Basi akija na swali nyumbani tusimfukuze. Tumtafutie kopo.