Treni ya Kasi Inasimama kwa Nani?

Juma hili sitazungumza habari za bei ya sukari wala za mashimo ya barabarani. Juma hili nataka niwapandishe treni. Tena si treni ya kwetu, bali ile inayotoka London, mji mkuu wa Uingereza, kwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, ikipita chini ya bahari. Nauli msijali. Kaeni tu kitako hapo redioni mnisikilize.

Treni hiyo inaitwa Eurostar. Ilianza kuchukua abiria mwezi Novemba 1994, miezi michache baada ya Malkia Elizabeth wa Pili na Rais Mitterrand kufungua njia ya chini ya bahari iliyochimbwa kati ya nchi zao. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 50 na kidogo, na kati ya hizo kilomita 38 ziko chini ya maji. Mimi niliipanda kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo ya mwanzo. Upande wa Ufaransa ilikwenda kama mshale. Upande wa Uingereza ilijikokota juu ya reli za zamani, nyuma ya treni za watu waendao kazini, hata Rais Mitterrand mwenyewe aliwatania Waingereza kwamba abiria wangepata nafasi nzuri ya kuangalia mashamba yao. Safari nzima ilichukua saa 3.

Waingereza walisikia utani ule. Wakajenga reli mpya, wakaimaliza mwaka 2007, na stesheni ya kuondokea ikahamishwa kutoka Waterloo kwenda St Pancras, jengo kubwa la matofali mekundu lililojengwa karne ya 19. Leo safari hiyo inachukua saa 2 na dakika kama 20. Ni kilomita zinazokaribia 500, ndugu zangu! Mtu akinywa chai yake London saa 4 asubuhi, chakula cha mchana anakula Paris.

Safari yangu ya karibuni nilifika St Pancras mapema, maana pale huruki tu ukapanda. Mizigo inapita kwenye mashine, kisha unamkuta askari wa Ufaransa amekaa ndani ya kibanda chake, papo hapo London, anakagua pasipoti. Pasipoti za wenzangu zilitazamwa kama mtu anavyotazama saa. Yangu ilisomwa kama barua ya posa. Lakini hayo tuyaache, nilipita salama.

Treni ni ndefu mita 400, na inachukua abiria wapatao 900. Ikiisha kutoka nje ya mji inafikia kilomita 300 kwa saa. Msidhani mtu anatikisika. Kikombe changu cha kahawa kilitulia mezani kama kimegundishwa. Miti ya karibu na dirisha huioni, unaona rangi ya kijani tu inavutwa. Ng'ombe wa mbali ndio unaowahi kuwahesabu.

Sasa siri ya kasi hiyo ni nini? Watu wengi hudhani ni kichwa cha treni. Injini ni kweli zina nguvu, nazo zinakula umeme unaotoka kwenye waya wa juu. Lakini siri kubwa iko chini, kwenye njia. Reli ya kasi haina kona kali. Haina mahali panapokatizwa na barabara. Imezungushiwa uzio pande zote, ng'ombe haingii, mtoto haingii. Dereva hatazami taa za kando ya njia, kwa sababu kwa kasi ile macho yasingewahi kuzisoma. Amri ya mwendo inamjia kwenye kioo mbele yake. Akitaka kusimama anahitaji zaidi ya kilomita 3.

Na hapo ndipo penye siri ya pili, ambayo ndiyo mazungumzo yangu ya leo. Treni ya kasi inapata kasi yake kwa kutosimama. Kila kituo kinachoongezwa kinakula dakika za kupunguza mwendo, za kusimama, na za kuanza upya. Ongeza vituo kumi, umerudi kwenye treni ya babu yako. Kwa hiyo mwenye kujenga reli ya namna hii analazimika kujibu swali moja gumu: nani asimamishiwe, na nani apitwe?

Swali hilo nilifundishwa na mama mmoja aliyekaa karibu nami. Alikuwa mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tulipokuwa tumekwisha kutoka chini ya bahari na kupita Lille, nje ikawa ni mashamba matupu, tambarare, hadi upeo wa macho. Mama yule akanyoosha kidole dirishani upande wa kulia.

"Bwana," akasema kwa Kiingereza cha taratibu, "nyumbani kwangu ni kule, Amiens."

Nikamwambia, "Mama, basi umekaribia kufika."

Akacheka. "Nimekaribia, lakini sijafika. Treni hii haisimami. Nitakwenda mpaka Paris, nishuke, nipande treni nyingine ya kawaida, nirudi huku huku nilikotoka zaidi ya saa nzima."

Ndugu wasikilizaji, nilidhani mama ananitania. Nilipofungua ramani nikaona kumbe ni kweli tupu. Ukichukua rula ukapiga mstari kutoka Calais, mahali treni inapotokea baharini, hadi Paris, mstari huo unapita karibu kabisa na mji wa Amiens. Lakini reli ya kasi haifuati rula. Inatoka Calais inakwenda mashariki hadi Lille, kisha inapinda kama kiwiko cha mkono na kuteremka kusini hadi Paris. Amiens inabaki kando, yapata kilomita 40.

Na kilichomuuma mama yule ni kwamba haikuwa hivyo zamani. Alipokuwa msichana, abiria wa London na Paris walivuka bahari kwa meli, wakapanda treni Calais, na treni hiyo ilipita Amiens. Tena haikupita tu, ilisimama. Kwa miaka mingi waya za umeme ziliishia Amiens, hivyo treni za Paris na Calais zilibadilishiwa vichwa pale, cha umeme kikatolewa, cha moshi au cha dizeli kikafungwa. Kubadilisha vichwa ni kazi, na kazi ni mshahara. Mji ule ulikuwa mlango. Leo ni jirani anayesikia mlango wa mwenzake ukifunguliwa na kufungwa.

Kuna na kichekesho kingine. Amiens ndio mji alioishi Jules Verne kuanzia mwaka 1871 hadi alipofariki mwaka 1905, na alikuwa diwani wa mji huo. Ndiye yule mwandishi wa hadithi ya mtu aliyezunguka dunia kwa siku 80 akirukia treni na meli. Mji wa mtu aliyeota ndoto ya safari za kasi ndio uliopitwa na treni ya kasi!

Sasa Lille waliipataje? Je, walikuwa na bahati? La hasha. Walikuwa na mtu, na mtu huyo aliamka mapema. Meya wa Lille wakati huo alikuwa Pierre Mauroy, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ufaransa kuanzia mwaka 1981 hadi 1984. Mji wake ulikuwa katika hali mbaya. Viwanda vya nguo vilikuwa vinafungwa, na machimbo ya makaa ya mawe ya mkoa ule yalikuwa yanakauka. Shimo la mwisho lilifungwa mwezi Desemba 1990. Bwana Mauroy aliona kwamba njia ya chini ya bahari ikichimbwa, reli itakayotoka humo itapita mahali fulani. Kwa nini isipite kwake? Basi Januari 1986, Waziri Mkuu wa Uingereza, Bibi Thatcher, na Rais Mitterrand walipotangaza uamuzi wa kuchimba njia hiyo, walitangazia wapi? Lille, katika jumba la manispaa!

Wenye reli wangeweza kuitupa stesheni mashambani, nje ya mji. Lille walikataa. Walitaka treni iingie mjini, hatua chache kutoka stesheni ya zamani. Wakapata. Stesheni ya Lille-Europe ikajengwa, na mtaa mzima mpya wa ofisi, maduka na hoteli ukaota kuizunguka. Leo kutoka Lille hadi Paris ni saa 1 hivi, na hadi Brussels ni nusu saa na dakika chache. Sisemi kwamba umaskini umekwisha Lille. Reli haipiki ugali. Lakini mji uliokuwa unafunga milango umepata mlango mpya.

Na Amiens? Watu wake walilalamika, waliandamana, walidai njia inyooke ipite kwao. Ilishaamuliwa. Walichopewa mkoa wao ni stesheni moja ndogo, iliyofunguliwa mwaka 1994 katikati ya mashamba, mbali na Amiens na mbali vile vile na mji mwingine wa Saint-Quentin. Ilikusudiwa kuwafaa wote wawili. Matokeo yake haiko karibu na yeyote. Reli ya kawaida haifiki pale, mtu anakwenda kwa gari au basi. Na Eurostar ya London haisimami hapo. Wenyeji waliipachika jina la stesheni ya viazisukari, maana ndilo zao linaloizunguka. Ndugu zangu, mtu akikuambia amekuwekea kituo, muulize kwanza: kituo hicho unakifikaje?

Msifikiri pia kwamba mwenye kusimamishiwa amesimamishiwa milele. Upande wa Uingereza upo mji uitwao Ashford, katika jimbo la Kent. Mwaka 1996 ulifunguliwa stesheni ya kimataifa, na watu wa huko wakawa wanapanda treni ya Paris jirani na nyumbani kwao. Mwaka 2020, wakati wa janga la Korona, treni za Ulaya ziliacha kusimama hapo na hazijarudi. Kila siku zinapita. Watu wa Ashford wanaotaka kwenda Ufaransa kwa treni hiyo sharti kwanza waende London, yaani waipe Ufaransa mgongo, ndipo wageuke. Ni yale yale ya mama wa Amiens.

Nawasikia mkiuliza, hayo ya Wazungu yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Kenya treni mpya ya Mombasa na Nairobi ilianza mwaka 2017. Tanzania treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Ni mambo ya kujivunia, nami nayafurahia. Kasi zetu bado hazifiki zile za Ulaya, lakini kanuni ni ile ile: kasi ni kutosimama.

Sisi tuliokulia kando ya reli za zamani tunajua maana ya treni kusimama. Treni ilikuwa ni soko linalotembea. Ikipiga honi, akina mama walikuwa wamekwisha jipanga na kuku wa kukaanga, mayai, karanga, ndizi na asali. Robo saa ya treni kusimama ilikuwa ada ya shule ya mtoto. Sisemi tuirudishe treni ya siku mbili kwa ajili ya kuku. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya rufaa anahitaji kasi, na mfanyabiashara anahitaji kasi. Lakini kasi ya mmoja hulipwa na mwingine, na haki ni kwamba huyo anayelipa aambiwe mapema, asikilizwe, na apewe njia ya kuifikia stesheni hiyo mpya. Basi la kijijini linaloonana na treni kwa saa maalumu si anasa. Ni sehemu ya reli.

Na jambo la pili ni kwetu wenyewe. Lille hawakupata reli kwa kulia baada ya ramani kuchorwa. Waliipata kwa kukaa mezani kabla kalamu haijagusa karatasi. Vipande vingine vya reli zetu vinaendelea kupimwa na kujengwa. Diwani wako, mbunge wako, wewe mwenyewe, mmekwisha kuuliza stesheni itakuwa wapi, na barabara ya kwenda huko itajengwa na nani? Samaki mkunje angali mbichi. Uzio ukishasimama, kilichobaki ni kupungia mkono mabehewa.

Tulifika Paris kwa saa yake. Nikamsaidia mama kuteremsha sanduku lake. Akanishukuru, akatazama ubao wa treni za kwenda kaskazini, akaanza kutembea taratibu kulitafuta jukwaa lake, arudi kule alikopita muda mfupi uliotangulia kwa kilomita 300 kwa saa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.