Jamaa Waliopatikana Kambini: Maisha ya Wafanyakazi wa Kwanza wa Mkonge



Historia ya usharika huandikwa kwa kawaida kwa majina ya wachungaji na miaka ya majengo. Katika Mkoa wa Tanga, hata hivyo, wako watu wengi waliotambuliwa vitabuni kwa namba, na kwa sababu hiyo wakaitwa manamba. Walifika wakiwa wageni wasio na ndugu, nao wakajipatia jamaa. Habari hiyo inastahili kusimuliwa siku ya leo.

Mkonge uliletwa na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na kufikia mwaka 1902 reli ilikuwa Korogwe. Mashamba yakaenea kando yake. Kwa kuwa jani la mkonge likishakatwa halina budi kusagwa mapema, kiwanda kilijengwa ndani ya shamba lenyewe, na kambi ya wafanyakazi ikawa karibu na ngurumo ya korona.

Wenyeji walikuwa na mashamba yao, na wachache walikubali kazi hiyo. Vibarua wakatafutwa mbali: Kigoma, Njombe, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kuanzia mwaka 1944 kazi ya kuwaandikisha ilisimamiwa na SILABU, chombo cha wenye mashamba. Kila mfanyakazi alipewa kipande chenye nafasi ya siku 30 za kazi. Siku ya homa haikuhesabiwa. Mshahara ulingoja kipande kijae. Hivyo mwezi wa kambini ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda, na mke aliyeachwa nyumbani alilima peke yake akisubiri fedha na salamu.

Baadaye wake na watoto nao walisafirishwa. Wanawake wakalima vibustani kandokando ya kambi ili kuongezea posho, na wengine wakaajiriwa kuanika singa. Mtoto wa kambini alisikia lugha moja kwa mama yake na nyingine kwa jirani, akacheza na wenzake kwa Kiswahili. Kwa watoto wengi wa namna hiyo, Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani kabla hakijawa lugha ya taifa.

Jambo zito zaidi lilikuwa kifo. Mtu akifa safarini, nani atamwosha? Nani atachimba kaburi? Jibu lilipatikana katika utani. Wahehe na Wangoni, ambao babu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19, walikuwa watani. Wanyamwezi na Wazigua vilevile, tangu enzi za misafara. Mtani alikuwa na haki ya kumtukana mwenzake bila kosa, na alikuwa na wajibu wa kumzika. Alishika jembe, akawachekesha wafiwa hata machozi yakapungua. Mzaha wa asubuhi foleni ya posho ulikuwa ahadi: siku yako ikifika, hutatupwa. Hivyo wajukuu wa maadui waligeuka kuwa jamaa, na hakuna msimamizi aliyewaagiza kufanya hivyo.

Ruthu naye alikuwa mgeni katika mashamba ya watu, akapata jamaa huko. Waliokuja na namba hawakuandikiwa kitabu. Hata hivyo, wengi wao hawakurudi makwao. Wajukuu wao wako Muheza, Korogwe na Tanga mjini, na baadhi yao huketi katika viti vya kanisa.

Usharika unaotimiza miaka 100 una nafasi ya kuwauliza wazee, wakali hai, majina ya waliozikwa kando ya mashamba na majina ya waliowazika, yakaandikwa pamoja na ya wachungaji. Namba za vipande zimekwisha kazi yake. Majina bado yanahitajika.

Bwana awabariki nyote.