KUCHAGUA PIKIPIKI YA MAGURUDUMU MANNE KWA NJIA ZA MILIMANI: MAZUNGUMZO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA



Kata ya Nkunga, katika Wilaya ya Rungwe, imejaliwa rutuba na mvua. Lakini rutuba hiyo na mvua hiyo ndizo zinazoigeuza njia ya shambani kuwa taabu ya mkulima. Udongo wa volkano ukilowa huteleza, miteremko ni mikali, na mvua za Rungwe, zilizo miongoni mwa mvua kubwa kabisa nchini, huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Mei. Barabara ya lami itokayo Mbeya, kupitia Tukuyu, hadi mpakani Kasumulu hupitika mwaka mzima. Tatizo ni zile kilomita chache zilizopo kati ya zizi la mwanachama na mahali ambapo lori linaweza kusimama. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri hayangoji tope likauke, wala ndizi zilizokatwa hazirudi mgombani.

Kwa hiyo si ajabu kwamba katika vyama vya milimani huzuka hoja ya kununua pikipiki kubwa ya magurudumu manne, ile yenye matairi manene na usukani kama wa pikipiki ya kawaida. Hoja hiyo hupendwa na vijana kwa sababu chombo chenyewe kinavutia, na huogopwa na wazee kwa sababu ni cha ghali. Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonyesha maswali ambayo mkutano mkuu unapaswa kuyajibu kabla ya fedha ya wanachama kutoka benki.

Yafaa kwanza kufahamu asili ya chombo hiki. Kilianza na magurudumu matatu: kampuni ya Honda ya Japani ilianza kukiuza Marekani mwaka 1970. Kilikuwa chepesi, lakini kilipinduka mno kwenye kona na miteremko. Kampuni ya Suzuki ilitoa cha magurudumu manne mwaka 1982, na katikati ya miaka hiyo ya 1980 vikaja vile ambavyo magurudumu yote manne huvuta. Mwaka 1988, baada ya watu wengi, wakiwemo watoto, kujeruhiwa na kufa, watengenezaji walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza vile vya magurudumu matatu. Fundisho la habari hiyo ni kwamba hata nchi tajiri zilijifunza matumizi ya chombo hiki kwa gharama ya maisha ya watu. Magurudumu manne yamepunguza hatari, hayakuiondoa.

Swali la kwanza ni la kazi. Chama kitabeba nini, kiasi gani, na kwa njia ipi? Katika miundo mingi ya ukubwa wa kati, kichanja cha mbele hubeba kilo 40 hadi 50, na cha nyuma kilo 80 hadi 90. Sasa katibu na achukue kalamu. Keni mbili za lita 40 zikijaa, maziwa peke yake ni zaidi ya kilo 80, kabla ya kuhesabu uzito wa keni zenyewe. Kichanja cha nyuma kimekwisha kujaa. Gunia la viazi la kilo 100 halistahili kuwekwa juu yake kabisa, na lumbesa ndiyo isitajwe. Mzigo ukiwekwa juu sana, chombo hupoteza uthabiti, na kwenye mteremko wa utelezi hulala ubavu. Anayeendesha ndiye anayekuwa chini yake, na chombo chenyewe huweza kuwa na uzito wa kilo 300.

Mzigo mkubwa zaidi huhitaji tela. Hapo pana jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ndogo. Uwezo wa kuvuta ulioandikwa katika kitabu cha chombo ni kipimo cha juu kabisa, si ahadi kwa kila njia. Katika kupanda, tela huvuta nyuma. Katika kushuka, tela husukuma. Tela nyingi ndogo hazina breki zake zenyewe. Dereva aliyezoea tambarare hulijua hilo siku tela inapompita ubavuni. Katika mteremko mkali chama kiweke kipimo chake cha mzigo, kilicho chini ya kile cha kitabu, na kipimo hicho kiandikwe kwa rangi ubavuni mwa tela ili kila mpakiaji akione.

Swali la pili ni la injini na mitambo. Wengi hudhani kwamba injini kubwa ndiyo bora. Injini ya sentimita za ujazo 800 au 1,000 ina nguvu nyingi na mwendo wa kasi, lakini pia hunywa petroli nyingi, na bei yake ni kubwa. Kwa kazi ya keni na mikungu, injini ya 400 hadi 500 hutosha, mradi iwe na gia nzito ya kupandia, na mradi injini yenyewe isaidie kuzuia mwendo wakati wa kushuka. Sifa hii ya mwisho ina thamani kubwa Nkunga kuliko kasi yoyote. Dereva anayeshuka kwa kutegemea breki peke yake huzichosha, na breki zenye matope hazisamehe.

Chombo cha kazi kiwe na uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne. Chenye kufuli ya difu ni bora zaidi, kwani gurudumu moja likizunguka bure katika tope, mengine huendelea kushika. Mkutano uulize pia jinsi nguvu inavyofika magurudumuni. Mnyororo ni rahisi kuutengeneza, lakini tope na mchanga huula upesi. Shafti iliyofungwa ndani hudumu zaidi. Vingi vya kisasa hutumia mkanda badala ya gia za kawaida. Mkanda huo huendeshwa kwa urahisi, lakini ukilowa huteleza, na ukilazimishwa kuvuta mzigo bila gia nzito hupata joto na kukatika. Anayechagua chombo cha mkanda anunue na mkanda wa akiba siku hiyo hiyo.

Matairi nayo yana adabu yake. Hujazwa upepo kidogo sana, aghalabu pauni 5 hadi 7 tu kwa inchi ya mraba, ili yakanyage kwa upana na kushika udongo. Yakijazwa kwa mkono uliozoea matairi ya pikipiki za kawaida, chombo hurukaruka kama mpira na kupoteza mshiko. Kipimo maalum cha upepo mdogo ni lazima.

Swali la tatu ni la vipuri na fundi. Chombo bora kisicho na spea karibu ni chuma cha kufugia kuku. Kabla ya kuchagua jina la kampuni, Bodi itume mtu Tukuyu na Mbeya aulize: vichujio, vipande vya breki, mikanda na matairi ya aina hiyo yapo dukani leo, au huagizwa kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi? Fundi yupi amewahi kukifungua chombo cha aina hiyo? Vilevile iulizwe Mamlaka ya Mapato kuhusu kodi na usajili, kwani chombo kilichotengenezwa kwa njia za shambani hakiruhusiwi kudhaniwa kuwa halali kwenye lami.

Swali la nne ni la hesabu, na hapa ndipo vyama vingi hujikwaa. Tuseme, kwa mfano tu, chombo na tela vimegharimu Sh. 20,000,000, na vinatarajiwa kudumu miaka 5. Uchakavu ni Sh. 4,000,000 kwa mwaka. Vikifanya kazi siku 200 kwa mwaka, kila siku ya kazi inabeba Sh. 20,000 kabla ya petroli, dereva, bima na matengenezo. Chama kikikusanya lita 400 kwa siku, hiyo ni Sh. 50 kwa kila lita. Kikikusanya lita 100, ni Sh. 200 kwa kila lita. Chombo ni kile kile na njia ni ile ile, lakini kwa chama cha kwanza huenda ni msaada, na kwa cha pili ni mzigo mgongoni mwa mama anayekamua ng'ombe mmoja. Chama cha pili kingefaidika zaidi kwa kukodi, kwa kushirikiana na chama jirani, au kwa kutengeneza kwanza lile korongo linalozuia guta la mizigo kupita. Siku chache za kazi ya pamoja kwa majembe na mawe zimewahi kushinda mashine nyingi.

Historia ya ushirika wetu inaunga mkono tahadhari hii. Katika miaka ya 1960, mpango wa kulima kwa matrekta uliosimamiwa na muungano wa vyama vya Usukuma ulileta hasara, kwa kuwa mavuno hayakuweza kulipa gharama za mashine. Mwaka 1966 Kamati Maalum ya Rais ilipochunguza vyama vya ushirika, miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni wanachama kutofahamu mambo ya chama chao na uhaba wa watendaji wenye ujuzi. Leo Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inataka ukomo wa madeni upitishwe na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Hiyo si karatasi ya kumchosha katibu. Ni kinga ya mwanachama ambaye hakuwapo siku chombo kilipong'aa mbele ya Bodi.

Wako wanachama watakaosema kwamba siku zisizo na mzigo chombo kiwabebe wageni wanaokuja kutazama Mlima Rungwe na Ziwa Ngozi. Wazo si baya, lakini kiti cha vyombo vingi vya namna hii kimetengenezwa kwa mtu mmoja. Abiria wa pili huondoa mizani. Tena msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi, na haiingiwi kwa injini bila ruhusa ya wenye mamlaka. Biashara hiyo ni nyingine, yenye bima nyingine na makisio mengine. Isitumiwe kupamba hesabu ya maziwa.

Mwisho ni dereva na daftari. Dereva awe mmoja au wawili, waliofunzwa, wenye leseni, kofia ngumu na viatu vya kufunika vifundo. Chombo si cha mtoto wa mwenyekiti, wala cha kuendea harusi. Kila safari iandikwe: tarehe, mzigo, umbali, petroli, na sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kabla ya sahihi ya ununuzi, Bodi imwombe muuzaji jambo moja: chombo kiletwe kijijini siku ya mvua, kipakiwe keni zilizojaa maji, kisha kishushwe polepole na mtu wa muuzaji mwenyewe katika mteremko mbaya kuliko yote, wanachama wakitazama. Muuzaji akikataa, jibu limepatikana bila gharama. Akikubali, wanachama watakuwa wameona kwa macho yao kile watakachokipigia kura.