Kiumbe cha Seli Moja Kinachopanda Milima ya Gusii

Tutazame kiumbe asiyeonekana kwa macho. Mwili wake wote ni seli moja tu, lakini anakula, anakua na kuzaana. Ni kimelea cha malaria.

Kwanza, anafanyaje kazi? Akishaingia katika chembe nyekundu ya damu, huila kutoka ndani, hujigawanya, na baada ya takriban saa 48 huipasua. Vimelea wapya wanaotoka humo huvamia chembe nyingine. Hapo ndipo homa hupanda.

Pili, kwa nini anafika Kisii na Nyamira, kaunti za milima ya Gusii? Baridi ya milimani humzuia kukomaa ndani ya mbu anayemsambaza. Lakini joto likizidi, kizuizi hicho hulegea, na mvua ikijaza mashimo ya wafyatua matofali mabondeni, mbu huzaliana humo. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, malaria ilizuka katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya.

Sasa, tupime pande mbili za mjadala wa kinga. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2019, ilianzia Homa Bay na kaunti nyingine zenye malaria mwaka mzima. Wapo wanaosema ni haki: chanjo iende penye wagonjwa wengi. Wengine wanajibu kwamba mtu wa milimani ana kinga ndogo mwilini dhidi ya malaria, hivyo mlipuko ukija, mtoto na mtu mzima huugua vibaya.

Je, tuwakinge watu wa milimani mapema, au tusubiri mlipuko mwingine?