Mwalimu, Leta Slipu Tuisome

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama mliokesha jikoni ili sisi tule pilau na chapati za moto hapa Reading: shikamooni. Ndugu zetu wa Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi, karibuni sana, ukumbi huu ni wenu. Na watu wa kwetu, maana nimeshawaona: wa Iringa, kamwene! Wa Rungwe na Kyela, mugonile! Asanteni, nimeisikia Tukuyu kule nyuma.

Naomba tumpigie makofi mzee wetu aliyeketi karibu na mlango, mwalimu mstaafu, aliyefundisha hesabu nchi hii wakati wengi wetu hatujazaliwa. Mzee, ulipotupokea hukuuliza kabila wala pasipoti. Mungu akuzidishie miaka.

Mimi ni mtoto wa Uyole, Mbeya, pale barabara zinapoachana, moja ikienda Tunduma, nyingine ikiteremkia Kyela na mpaka wa Malawi. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kituo cha utafiti wa kilimo. Nilipokuja huku kumfuata mke wangu, muuguzi, kila mtu alinionya juu ya baridi. Baridi ya mwezi wa sita kwetu naijua, haikunitisha. Kilichonitesa ni maharage ya kopo yenye sukari, mimi niliyelelewa kwa maharage ya njano ya mama, yameungwa kwa nyanya na kitunguu, tunayala na ugali moto ukungu ukishuka kutoka Uporoto. Wiki zile za mwanzo nilikuwa nakaa mezani na chakula hakipandi.

Halafu nikaanza kufundisha kupitia wakala wa walimu, ikaja slipu ya kwanza ya mshahara. Wakala huyo alikuwa ameniambia pauni 150 kwa siku. Kumbe katikati kuna kampuni ya mwavuli inayolipa mishahara, na ile 150 haikuwa mshahara wangu. Ilitolewa kwanza bima ya taifa ya upande wa mwajiri, ikatolewa ada ya kampuni, na kilichobaki ndicho kilichoitwa mshahara, nacho kikaanza kukatwa kodi! Dada mmoja wa Kisumu, mwalimu wa kemia, alikaa nami saa ya mapumziko akaipitia mstari kwa mstari. Si Mtanzania mwenzangu, si ndugu wa damu, na hata jina langu alikuwa bado hajalishika vizuri.

Kwa ajili ya wema wa yule dada nimeomba dakika hizi, na kwa kuwa muda ni mfupi nitakimbia.

Walimu wa hapa Uingereza, anzeni na QTS, ile hadhi ya mwalimu kamili. Mwaka 2023 serikali ilifungua njia mpya kwa walimu wa nchi tisa zaidi. Kutoka Afrika zimo Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe. Ya Afrika Mashariki hakuna hata moja. Basi shahada yako ya Dar es Salaam au Makerere ipeleke UK ENIC ilinganishwe, kisha uliza njia ya kupimwa ukiwa kazini. Fanya mapema, kwa sababu nje ya London mwalimu mwenye QTS alianzia pauni 32,916 kwa mwaka kuanzia Septemba 2025, na asiye nayo anaweza kuanza chini ya hapo kwa karibu pauni 10,000.

Ukipewa bei ya siku, chukua mshahara wa mwaka ugawe kwa 195, ndizo siku za kazi za mwalimu. Hapo utajua kama unapunjwa. Ukimaliza wiki 12 katika shule ileile na kazi ileile kupitia wakala, sheria inataka ulipwe sawa na aliyeajiriwa moja kwa moja. Lakini pensheni ya walimu haimo, wala siku 25 za ugonjwa zenye mshahara kamili ambazo mwenzako wa shule ya serikali anazo tangu mwaka wake wa kwanza.

Na pensheni hiyo, jamani, msijitoe! Najua kuna wanaojitoa ili hela ya kutuma nyumbani iongezeke. Mwajiri anaweka zaidi ya asilimia 28 ya mshahara wako. Ukijitoa, fungu hilo hupewi mkononi, umelipoteza. Wenye miaka kadhaa kwenye mfuko wa PSSSF kule nyumbani Tanzania, kumbukeni pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, kwa hiyo ulizeni hali zenu. Na deni la masomo la Bodi ya Mikopo halifutiki kwa kupanda ndege.

Sasa naomba ruhusa ya wazee niseme jambo linaloniuma. Nyumbani mshahara wa mwalimu haukuwa siri. Ukisema daraja lako la mshahara ni TGTS D, ofisi nzima inajua unapata nini, na kama una mkopo, Bodi inakata asilimia 15. Tumefika huku tumekuwa wasiri. Watu wawili wa Mbeya wako shule moja, mmoja analipwa pungufu, mwenzake anajua na amenyamaza! Mkenya ana kundi lake la simu, Mganda lake, sisi Watanzania tunayo matatu na hayasalimiani. Mgeni akishuka Heathrow anaangukia kwa wakala kabla hajaangukia kwetu. Hii si haki, ndugu zangu. Mawakala wanatujua vizuri kuliko tunavyojuana.

Tubadilike leo. Kila mwalimu mkongwe amshike mgeni mmoja, awe Mhehe, Mluo, Muganda au Mshi wa Bukavu. Jiungeni na chama cha walimu, NEU au kingine, kabla hamjapata matatizo. Na mkataba usisainiwe na mtu mmoja peke yake chumbani usiku.

Baada ya chakula nitakuwa meza ile ya dirishani, na yule dada wa Kisumu amekubali kukaa nami. Leteni slipu, leteni mikataba, hata ya mwaka jana. Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.