Chupa ya "Mimea": Jina Lisemalo na Lisilosema

Leo tunazungumzia herufi tatu: PEF. Kirefu chake ni poliethilini furanoati, plastiki iliyo ndugu wa karibu wa PET, ile ya chupa nyingi za maji tunazozifahamu.

Zote mbili ni polima, yaani minyororo mirefu iliyoungwa pingili kwa pingili. PET hubeba pete ya atomi sita za kaboni, ambayo kwa kawaida hutokana na mafuta ya petroli. PEF hubeba pete ya furani, yenye atomi nne za kaboni na moja ya oksijeni, ipatikanayo kwa kusindika sukari ya mimea. Hata jina lake lina asili ya shambani: furfur kwa Kilatini ni pumba za nafaka. Pete hiyo huifanya PEF izuie gesi kupenya kuliko PET, hivyo soda hukawia kuchacha.

Wapo wanaoshtuka wakisikia furani, kwa kuwa furani iliyo huru hudhaniwa kuweza kusababisha saratani. Ndani ya PEF pete hiyo imefungwa katika mnyororo, na haifanani na furani huru, kama chumvi ya mezani isivyofanana na gesi ya klorini.

Tunalolihofia sisi ni neno "mimea" kwenye lebo. Pingili ya pili ya PEF, glikoli ya ethilini, yaweza kutoka kwenye miwa au kwenye petroli, na jina lisibadilike hata kidogo. PET nayo imekwisha kuuzwa kwa sifa ya mimea ilhali takriban asilimia 30 tu ya uzito wake ndiyo iliyotokana nayo. Kabla ya kulipa bei ya juu, ulizeni ni asilimia ngapi.

Wala "ya mimea" si sawa na "huoza". Chupa ya PEF iliyotupwa mtaroni haitaoza kama ganda la ndizi, basi msiifukie shambani. Namba nayo haisaidii sana: 1 ndani ya pembetatu ni PET, lakini PEF haina namba yake, huingizwa katika 7 pamoja na plastiki nyinginezo za kila namna. Mkiiona 7, tafuteni jina kamili la plastiki. Lisipoandikwa, mwulizeni mtengenezaji.